Kurudi kwa Jafar: filamu hafifu yenye funzo la toba

Watoto wetu wengi huipenda filamu ya katuni ya Aladdin, iliyotolewa na kampuni ya Disney mwaka 1992. Wakishaimaliza, huomba sehemu ya pili. Sehemu hiyo ipo, nayo ni The Return of Jafar, yaani Kurudi kwa Jafar, ya mwaka 1994.

Wazazi wafahamu kwamba filamu hii haikukusudiwa majumba ya sinema. Ilitengenezwa kwa gharama ndogo na kutolewa moja kwa moja katika kanda za video. Robin Williams, ambaye sauti yake ndiyo iliyompa jini uhai, hakushiriki; nafasi yake ilichukuliwa na Dan Castellaneta. Michoro nayo ni duni, na miondoko ni mizito. Hata hivyo, kanda ziliuzwa kwa mamilioni, na Disney ikaendelea kwa miaka mingi kuzitolea filamu zake mashuhuri sehemu za pili za namna hiyo. Jina linalopendwa huuza hata kilicho hafifu.

Pamoja na hayo, tumeona ndani yake jambo la thamani. Iago, kasuku wa Jafar, anachoka kumtumikia dhalimu na kumkimbia. Aladdin anampa hifadhi, ingawa Jasmine hamwamini. Kisha, kwa hofu ya Jafar, kasuku huyo anamsaliti aliyemhifadhi. Mwishowe anajuta, anamfungua jini ili Aladdin aokolewe, na kuhatarisha maisha yake ili Jafar aangamie. Mtoto ataona hapo kuwa majuto ya kweli huthibitishwa kwa vitendo.

Liko pia la kutahadhari. Mwaka 1993 maneno ya wimbo wa kufungulia filamu ya kwanza yalibadilishwa baada ya Waarabu wa Marekani kulalamika kuwa yanawadhalilisha. Katika sehemu ya pili bado tunamkuta Abis Mal, kiongozi wa wezi, mwoga na mpumbavu. Mtoto asiyeelezwa chochote aweza kudhani kwamba ndivyo walivyo watu wa Mashariki.

Kwa hiyo tunawanasihi wazazi wasiwaachie watoto runinga na kuondoka. Tukae nao, kisha tuwaulize: Je, Aladdin alifanya vyema kumwamini Iago? Na wale wezi, wanafanana na Waarabu tunaowafahamu?