Picha na Vitabu ni Vya Nani?

Tumeazimia, ndugu wasomaji, kuandika katika ukurasa huu, juma kwa juma, makala juu ya sanaa na fasihi ya siku zetu. Wako watakaouliza: mfanyakazi aliyerudi bandarini na mgongo ukimuuma ana haja gani na picha? Twawajibu kwa jina la Edward Saidi Tingatinga. Huyu alikuwa kibarua wa mashamba ya mkonge, akaanza kuchora mjini Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi ya baiskeli juu ya vibao. Aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Mtindo wake ungali hai, lakini wanunuzi wengi ni watalii. Katika nyumba zetu hutundikwa kalenda za maduka.

Na vitabu je? Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alitoa riwaya ya Paradise kwa Kiingereza mwaka 1994. Tafsiri ya Kiswahili, Peponi, ilitoka mwaka 2022, baada ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Miaka 28! Hatumlaumu mwandishi, twajilaumu sisi tuliosubiri wageni watupimie.

Juma lijalo tutaanza na kitabu hicho. Atakayekisoma akaona tumekosea, na atuandikie bila kutuonea haya.