Soma Jina, Kisha Pima: Somo Kutoka kwa Sarafu za Kale

Ukiuza ndizi pale Gakoromone, Meru, au muguka kule Embu, unaijua haraka ya asubuhi. Gari linanguruma, mnunuzi anakuonyesha meseji kwenye simu yake: "Nishatuma, ona." Ukiachilia mzigo na pesa haijaingia, jasho la siku nzima limeenda bure.

Swali la kama pesa ni ya kweli ni la kale. Wenzetu wa Kilwa, pwani ya Tanzania ya leo, walipiga sarafu nyingi za shaba. Upande mmoja waliandika jina la sultani, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu yaliyofuata vina na jina hilo. Al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, alipiga hata za dhahabu. Zinazojulikana leo ni chache mno.

Wafaranki, waliotawala sehemu kubwa ya Ufaransa ya leo, walikuwa na desturi tofauti. Katika karne ya 7, sarafu zao nyingi ndogo za dhahabu zilibeba jina la fundi mwenyewe na la mahali alipozipigia. Mmoja wao ni Eligius, mfua dhahabu wa Mfalme Dagobert wa Kwanza. Jina lake bado linasomeka kwenye sarafu zilizobaki.

Lakini jina peke yake halikutosha. Kadiri karne hiyo ilivyosonga, dhahabu ilizidi kuchanganywa na fedha, hadi sarafu za fedha zikachukua nafasi yake. Jina lilikuambia nani wa kuulizwa. Mizani ndiyo iliyokuambia umepokea nini.

Nasi kwenye simu tuna jina na mizani:

- Unapotuma, soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Kama silo, sitisha.
- Unapopokea, usiamini simu ya mnunuzi. Hata meseji iliyoingia kwako inaweza kuwa ya kughushi, kwa hivyo angalia salio lako. Hiyo ndiyo mizani yako.
- Mtu akipiga akisema alikutumia kwa makosa, usirudishe mbio mbio. Angalia salio, kisha utupigie.

Mnunuzi mwaminifu hatakasirika ukichukua nusu dakika kuangalia. Anayekuharakisha, mwache asubiri.