Uso Usio na Mistari

Hapa Kisangani kuna alfajiri ambapo ukungu hutanda juu ya mto, hata jicho lisijue maji yaishia wapi na miti yaanzia wapi. Ndivyo Leonardo da Vinci alivyochora midomo ya Mona Lisa: tabaka juu ya tabaka la rangi ya mafuta, jembamba mno. Mwanafunzi anayeinakili huizungushia midomo mstari. Papo hapo tabasamu hutoweka! Na afute, aanze upya. Mwaka 2012, jumba la makumbusho la Prado, Madrid, lilitangaza kwamba nakala yake ilichorwa katika karakana ya Leonardo, sambamba na kazi yake. Chini ya rangi yamo masahihisho yale yale: mwalimu alipobadili, mwanafunzi naye alibadili.