Vijumba vya Watu wa Hadithini (Sehemu ya 2): Kwanza Mjue Mpangaji

Mkonyingo hana haja ya kitanda. Wachaga husimulia kwamba Wakonyingo huishi juu ya Kilimanjaro, kimo chao ni cha mtoto, lakini vichwa vyao ni vikubwa mno. Hulala wameketi, mgongo ukutani, kwa sababu aliyejinyoosha chini hawezi kuinuka tena kwa uzito wa kichwa. Ndiyo maana kila mmoja hufunga pembe kiunoni: akianguka, huipuliza wenzake waje wamsimamishe. Alice Werner aliyaandika haya katika kitabu chake cha visasili vya Wabantu cha mwaka 1933, na mlima wenyewe huonekana kutoka vilima vya Chyulu, huko kusini mwa Makueni, asubuhi mawingu yakiwa yameondoka.

Sasa mjengee Mkonyingo nyumba. Mtoto aliyezoea kuiga picha za vitabuni ataanza na kitanda cha kisanduku cha kiberiti, mto wa pamba, na shuka ya kipande cha leso. Kazi safi, lakini si nyumba ya mtu huyu. Anachohitaji Mkonyingo ni ukuta imara wa kuegemea, mlango mpana kuliko ulivyo mrefu ili kichwa kipite, na kijiti kilichochomekwa ukutani, karibu na mkono wake, cha kutundikia pembe. Mtoto akiyafikiria hayo matatu, ameisoma hadithi kuliko yule aliyeikariri neno kwa neno.

Hilo ndilo ninalotaka kulieleza juma hili, kabla hatujashika msumeno. Wengi wetu huanza na takataka: vifuniko, makopo, vijiti, kisha tukajiuliza vinafaa kuwa nini. Anza na mpangaji. Uliza ana umbo gani, anakula nini, anaogopa nini, analala vipi. Vitu vya nyumbani vitajipanga vyenyewe baada ya hapo.

Mwandishi Mwingereza Mary Norton alilijua hili vyema. Katika hadithi yake ya mwaka 1952 kuhusu Pod, Homily na binti yao Arrietty, watu wadogo wanaoishi chini ya sakafu ya nyumba ya watu wakubwa, kila kitu ndani ya makao yao kimeazimwa juu: visanduku vya kiberiti vimekuwa kabati la droo, na stempu zimekuwa picha za ukutani. Vitu hivyo havikuchaguliwa kwa sababu vinapendeza. Vimo humo kwa sababu Pod ni mtu wa kunyemelea, na hubeba kile tu anachoweza kukishusha kwa uzi na pini bila kusikika. Nyumba yote inamweleza yeye.

Kwetu Ukambani mpangaji mgumu kuliko wote ni iimu, yaani zimwi (wengi ni aimu). Gerhard Lindblom, msomi wa Uswidi aliyekaa Ukambani mwanzoni mwa karne iliyopita na kukusanya ngano zetu, aliandika kwamba aimu wa hadithini hawana kimo kimoja: mara ni wadogo kuliko mbilikimo, mara wanampita binadamu kwa ukubwa. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, mwaka 1931, naye alizichapisha ngano za Wakamba kwa Kiingereza mwaka 1966, na wazee wengi wa Kitui bado wanazo nyingine vichwani. Kuna zile ambazo zimwi linalokufa humwagiza shujaa alikate kidole, na kidoleni wakatoka watu na mifugo yote waliomezwa. Kijiji kizima ndani ya kidole! Sijapata kuona kazi bora ya kumpa mtoto wa miaka 10 kuliko hiyo: tengeneza kidole cha udongo kinachofunguka, kisha weka kijiji ndani.

Tuje kwenye kipimo, maana hapa ndipo vijumba vingi huharibika. Jonathan Swift alipoandika safari za Gulliver mwaka 1726, watu wa Lilliput hawakufika inchi 6, yaani kila kitu chao ni sehemu 1 ya 12 ya chetu. Wasomaji wa Kiswahili walimpata Gulliver kwa tafsiri ya Frederick Johnson katika miaka ya 1930. Kipimo hicho hicho cha 1 kwa 12 ndicho kilichokuja kuzoeleka kwa mafundi wa nyumba za wanasesere duniani, na ndicho kilichotumika katika nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary wa Uingereza, iliyokamilika mwaka 1924 chini ya msanifu Edwin Lutyens, ikiwa na maji ya bomba na taa za umeme.

Chukua kifuniko cha chupa ya soda. Upana wake ni milimita 32 hivi. Kwa mtu wa 1 kwa 12, mwenye kimo cha sentimita 14, kifuniko hicho ni chombo cha sentimita 38: sinia ya kulia watu watatu. Lakini wengi wa watu wetu wa hadithini tunawataka wadogo zaidi, tuseme sentimita 5, urefu wa kidole. Huyo ni sehemu 1 ya 33 ya mtu mzima. Kwake kifuniko kile kile kina upana wa zaidi ya mita moja. Si sahani tena, ni meza. Mtoto akikiweka kama sahani, jicho litagoma hata kama hajui sababu. Kwa hiyo kata kijiti chenye urefu wa mpangaji wako, kitie mfukoni, na kila unachookota kipime kwa kijiti hicho kabla ya kukipa kazi.

Nyumba yenyewe naipendekeza ya kibuyu. Nyumba ya zamani ya Mkamba ilikuwa ya duara, nyasi zikishuka karibu kufika chini, na nusu ya kibuyu kilichofunikwa ina umbo hilo bila kulazimishwa. Hesabu nayo inakubali kwa namna ya kufurahisha: kibuyu chenye upana wa sentimita 12, kikikatwa katikati, kwa mtu wa sentimita 5 ni nyumba ya mita 4 kwa upana na mita 2 kwenda juu. Ndivyo nyumba ya duara ilivyo. Mlango ukate sentimita 3 au 4 tu kwenda juu, ili mwenye nyumba aingie ameinama kama ilivyokuwa.

Chagua kibuyu kilichokauka hadi mbegu zinacheza ndani ukikitikisa. Chora mstari kwa kalamu kabla ya kukata, na tumia msumeno wa meno madogo, kwani panga litakipasua vipande. Kiloweke kwanza, kisha kwangua utando wa ndani kwa kijiko kikiwa bado na maji, maana vumbi lake kavu hukereketa koo na mapafu. Kazi ya msumeno aifanye mtu mzima. Ya kukwangua mwachie mtoto, hata ikichukua jioni nzima.

Nguzo na mbao zitoke kwenye mkonge. Ule mlingoti unaochomoza mkonge unapotoa maua, ukikauka huwa mwepesi, na ndani yake ni laini kiasi cha kukatwa kwa kisu cha jikoni. Watoto wa Kibwezi, kwenye mashamba ya mkonge, hawakosi mlingoti wa kuchezea. Nyuzi za mkonge zile zile ambazo akina mama husukia vyondo zitafunga paa. Wa Kitui Kusini, ambako mibuyu imejaa, wana kaka la buyu: gumu, la mviringo mrefu, na lenye manyoya laini ya kijani nje. Hilo silikati katikati. Natoboa ubavuni mlango mmoja, na linakuwa pango la iimu mara moja. Sakafu ni udongo wa kichuguu uliolowekwa kidogo, ukasawazishwa kwa kidole gumba na kuachwa kivulini, kwa sababu juani utapasuka.

Fanicha ni jambo la kufurahia kujibunia mwenyewe, basi nitaeleza moja tu. Fundi Mkamba wa zamani alichonga kiti cha duara cha miguu mitatu na kukipamba kwa waya uliozungushwa na kugongewa ndani ya mti. Kifungo cha shati chenye upana wa milimita 11, kwa mpangaji wetu, ni kiti cha sentimita 36. Kibandike juu ya miiba mitatu ya mgunga kwa ulimbo wa mti huo huo. Chukua uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme uliotupwa, uzungushe kwenye ukingo wa kifungo. Ukikiweka kando ya mlango, mtu yeyote aliyekulia Ukambani atajua ni kiti cha nani.

Kuna vitu ambavyo havistahili kuingia katika kazi hii hata vikiwa na umbo zuri kiasi gani: vyombo vya dawa ya kuoshea ng'ombe au ya kunyunyizia mahindi, betri zilizovuja, na makopo ambayo makali yake hayajakunjwa kwa koleo. Chupa ya dawa ya kupe haisafishiki kwa sabuni.

Nina neno kwa walimu pia. Tangu Mtaala wa Umilisi uanze kutekelezwa nchini mwaka 2019, wazazi wengi wamelalamika kwamba kazi za mikono huwapeleka dukani kutafuta karatasi za manila, gundi na rangi. Malalamiko hayo ni ya haki. Mzazi wa Mwingi au wa Kathonzweni mwenye kibuyu, mkonge na udongo uani hapaswi kutoa shilingi hata moja ili mtoto wake ajenge kijumba. Mwalimu anayetaka kazi zote zifanane, na zing'ae, anamwondolea mtoto ile sehemu ambayo angejifunza kuchagua. Ningempa alama mtoto ambaye nyumba yake imepinda lakini anaweza kunieleza kwa nini mlango ni mpana.

Nyumba moja haitoshi kuwa musyi, yaani makao kamili ya familia. Pana thome mbele, mahali wanaume huota moto na ngano husimuliwa, pana boma la miiba, na pana ikumbi la nafaka lililoinuliwa kwenye miguu ili mchwa na unyevu usilifikie. Hayo tutayajenga juma lijalo, pamoja na kuezeka. Kwa kuezeka mtahitaji nyasi nyembamba, zilizokaukia kivulini, zenye urefu wa kidole, konzi mbili kwa kibuyu kimoja. Zifungeni vitita vidogo kwa uzi wa mkonge mapema, kwa sababu tutaanza na safu ya chini kabisa na kupanda juu, na katikati ya kazi hakuna nafasi ya kusimama kutafuta nyasi.

(Itaendelea)