Visanduku vya Zamani, Kompyuta Mpya na Wajibu wa Walinzi

Mafundi wa simu wa Luthuli Avenue mjini Nairobi na wenzao wa Kariakoo, Dar es Salaam, wanakabiliwa na tatizo moja. Visanduku vya kufufulia simu, kama vile JAF na UFS, vilitengenezwa enzi za Windows XP, mfumo uliotoka mwaka 2001. Simu za Nokia vilizozihudumia zingali mikononi mwa watu. Nokia 1100 ya mwaka 2003 peke yake iliuzwa zaidi ya milioni 200 duniani. Lakini kisanduku kikichomekwa kwenye kompyuta ya leo, hakitambuliwi.

Aghalabu si kwamba kisanduku kimekufa. Kompyuta huzungumza na kifaa kwa njia ya draiva, ambayo ni programu ya ukalimani. Draiva nyingi za visanduku hivyo ziliandikwa kwa mfumo wa biti 32. Windows ya biti 64 haizikubali kabisa. Hata zile za biti 64, tangu Windows Vista, hudaiwa saini ya kuthibitisha mwandishi wake. Isitoshe, visanduku vingine vilitegemea mlango wa printa, ambao kompyuta mpya hazina tena.

Ziko njia mbili za salama. Ya kwanza ni kutunza kompyuta kuukuu yenye Windows XP, iliyotengwa kabisa na intaneti, kwa kuwa matengenezo ya usalama ya mfumo huo yalikoma Aprili 8, 2014. Ya pili ni kuunda kompyuta pepe ndani ya kompyuta mpya kwa programu kama VirtualBox, kuweka humo Windows XP, kisha kuikabidhi kifaa cha USB. Hapo yafaa kwanza kufanya jaribio kwa simu isiyo na thamani, kwani mawasiliano yakikatika katikati ya kuandika, simu yaweza kufa moja kwa moja.

Njia ya tatu, ambayo wengi huikimbilia, ni kuzima ukaguzi wa saini na kupachika draiva iliyookotwa. Huko ni kumfukuza mlinzi langoni ili mgeni mmoja apite. Kwa kompyuta ya kikosi au ya kituo cha polisi, jambo hilo halifai hata kidogo.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba kisanduku ni kisu chenye makali pande mbili. Chaweza kusoma kumbukumbu za simu iliyozimika. Chaweza vilevile kuzifuta, au kubadili IMEI, ile namba ya tarakimu 15 inayoitambulisha simu. Sheria za Kenya na Tanzania zinaharamisha ubadilishaji huo. Kenya ilizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012, na Tanzania ikafanya hivyo Juni 2016. Namba hiyo ndiyo iliyotumika kuzitambua. Mwizi anayevuka mpaka na simu ya wizi hutafuta fundi wa kuifuta.

Kwa hiyo askari anayekuta kisanduku mezani kwa fundi asimhukumu kwa kifaa chenyewe. Achunguze kazi inayofanywa nacho. Na simu iliyokamatwa kama kielelezo isipelekwe kwa fundi wa mtaani ifufuliwe. Ikabidhiwe wataalamu wa uchunguzi, kwani kumbukumbu iliyoandikwa juu yake hairudi, na kesi huweza kuanguka pamoja nayo.