Wivu Si Ushahidi wa Mapenzi

Dalili ya mvua ni mawingu. Katika mashauri ya ukatili baina ya wapenzi vijana, kofi aghalabu huja mwisho. Kabla yake hutangulia miezi ya amri ndogo ndogo, ambazo kijana huzipokea kama alama za kupendwa. Ndiyo sababu tunawaandikia wazazi, walezi na vijana wa Busia, mji wenye jina moja pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kenya.

Tuchukue mfano. Binti ana mchumba ampigiaye simu kila saa na kumtaka atume picha kuthibitisha alipo. Kisha mchumba adai neno la siri la simu. Baadaye amkataza kuonana na shoga zake. Hatimaye achukua fedha zake za biashara na kitambulisho chake, naye binti hawezi tena kuvuka mpaka kihalali kwenda kwa shangazi yake. Kofi halijapigwa, lakini binti amekwisha kufungwa.

Walio karibu naye huweza kuyaona haya. Aliyekuwa mcheshi amenyamaza. Hushtuka simu iliapo. Huomba radhi pasipo kosa. Huvaa mikono mirefu wakati wa joto. Mpenzi atishiaye kusambaza picha za faragha, au kujidhuru akiachwa, naye ni wa kuogopewa. Wavulana pia hutendewa hivyo, na wengi hunyamaza kwa kuona haya.

Mzazi akigundua, asianze kwa kufoka, kwani binti akigombezwa hurudi kwa yule yule amtesaye. Mwulize faraghani, umsikilize, umwambie kwamba kosa si lake. Ujumbe wa vitisho usifutwe, maana ni ushahidi. Wala asiende peke yake kuagana na mtu huyo: wakati wa kuachana una hatari kubwa.

Sheria ya Uganda ya mwaka 2010 kuhusu ukatili wa nyumbani huhesabu pia mateso ya kihisia na ya kiuchumi. Ile ya Kenya ya mwaka 2015 huwalinda hata wasiooana, maadamu wana uhusiano wa karibu. Katika nchi zote mbili mahakama yaweza kutoa amri ya ulinzi. Aliyetenda kosa akavuka mpaka hajaliacha kosa lake nyuma.

Upande wa Uganda, mwulizieni afisa wa ulinzi wa mtoto na familia kituoni. Upande wa Kenya, dawati la jinsia. Kwa aliye chini ya miaka 18, simu 116 hupokewa bila malipo katika nchi zote mbili. Msingoje majeraha ndipo mje. Njooni mawingu yangali mawingu.