Kufufua Chombo cha Kupumulia Chini ya Maji

Sisi wa Njombe na Makambako tu mbali na bahari, lakini Ziwa Nyasa lagusa mkoa wetu upande wa Ludewa. Hivyo habari za wapiga mbizi zatuhusu.

Mwaka 1943 Wafaransa wawili, Cousteau na Gagnan, walitengeneza chombo cha kumpa mpiga mbizi hewa kutoka mtungi wa mgongoni. Kina mipira miwili: mmoja huleta pumzi, wa pili huirudisha. Ndani mna kiwambo. Mtu avutapo pumzi, kiwambo huingia ndani, husukuma vijiti, na kilango cha hewa hufunguka, akiacha, hujifunga. Pumzi itokayo hurudishwa mpaka karibu na kiwambo, maana kama tundu la kutokea lingekuwa juu zaidi, hewa ingevuja bila kukoma.

Chombo cha zamani chaweza kufufuliwa. Kwanza kifunguliwe, na vipande vipangwe kwa utaratibu. Shaba hudumu, kutu yake ya kijani huondolewa kwa siki iliyozimuliwa, kisha husuuzwa kwa maji safi. Bali mpira huzeeka, kama tairi la baiskeli lililosahauliwa juani: ukiukunja, hupasuka. Kiwambo, mipira na vilango vyake vyote vibadilishwe. Mafuta ya taa yasiuguse mpira, maana huuharibu.

Mwisho, fundi stadi akipime kabla hakijaingia majini. Shaba iking'aa, tusidanganyike: ufa mdogo wa mpira huleta maji mahali pa pumzi, na huko chini hakuna pumzi nyingine ya kuazima.